Kabla ya kununua mashine ya maji ya chumvi, hesabu mbuzi

Leo naziweka programu kando kidogo, tuongee maji.

Adeer yangu, yaani ndugu ya baba, ameuza mbuzi kadhaa hapa Habaswein ili anunue mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya boma. Ana karatasi mbili za matangazo mkononi. Moja inajisifu kwamba katika kila lita 100 zinazoingia, 75 zinatoka safi. Ya pili, bei nafuu, inatoa 25 tu. Kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kompyuta, nikaulizwa. Nikasema chukua ya 25. Tangu siku hiyo natazamwa kama mtu aliyepigwa na jua.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka miwili iliyopita nilileta kutoka Nairobi chujio la mitungi mitatu, la nyuzi na makaa. Nililifunga kwa mbwembwe nyingi. Maji yakatoka meupe, hayana harufu, na chumvi ile ile. Mkaa hunasa klorini na harufu. Chujio la udongo hunasa vijidudu. Chumvi iliyokwisha yeyuka hupita kote humo kama mwenye nyumba. Na ukichemsha ndiyo unaizidisha, maana mvuke unaondoka na chumvi inabaki sufuriani.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu wa kazini anayefuga samaki wa baharini na matumbawe katika tangi la kioo sebuleni. Ana mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi nyuma, teknolojia iliyoanzia California kwa Loeb na Sourirajan mwishoni mwa miaka ya 1950. Anatoa chumvi yote kwenye maji ya bomba, halafu anatia chumvi nyingine mpaka ifike gramu 35 hivi kwa lita, kama bahari. Nilicheka sana. Lakini ana sababu: anataka chumvi aliyoichagua mwenyewe, si shaba, ambayo huua konokono na kamba, wala si naitreti zinazolisha ukoga wa kijani. Na hanunui kifaa chochote kabla hajapima maji yanayoingia, yanayotoka na yanayomwagwa. Hilo la mwisho ndilo hakuna muuzaji aliyenitajia.

Basi nikanunua kipimo cha TDS, kile kidude kama kalamu kinachokisia jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka. Maji ya kisima tunachochotea yalisoma karibu miligramu 2,000 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 ladha ni nzuri, na yakizidi 1,000 yanaanza kumshinda mnywaji. Sisi tuko juu ya hifadhi ya maji ya Merti, inayojazwa na mafuriko ya Ewaso Ng'iro na kuenea chini ya ardhi kuelekea Dadaab na mpaka wa Somalia. Katikati yake maji ni matamu, pembezoni ni ya chumvi, na ukivuta mno ya katikati, ya pembezoni yanasogea. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 mradi wa kupeleka maji ya Habaswein mpaka mji wa Wajir ulizua upinzani mkali hapa.

Sasa hesabu. Chumvi haipotei, inahamishwa tu. Chukua lita 4 zenye miligramu 2,000 kila moja, jumla 8,000. Mashine ya asilimia 25 inakupa lita 1 ya kunywa yenye, tuseme, miligramu 100. Lita 3 zilizobaki zinagawana 7,900, yaani karibu 2,600 kila lita. Mashine ya asilimia 75 inakupa lita 3 safi, na ile lita 1 ya mwisho inabeba 7,700 peke yake.

Mwongozo wa FAO wa maji ya mifugo unayaweka maji ya 2,600 katika kundi linalofaa wanyama wote, hata kuku, ingawa wasioyazoea wanaweza kuharisha kwa muda. Yale ya 7,700 hayafai kuku, na ni hatari kwa wanyama wenye mimba au wanaonyonyesha. Ngamia pengine angevumilia, lakini adeer ana mbuzi.

Kwa hiyo: boma lao linakunywa lita 20 kwa siku. Mashine "mbovu" inameza lita 80 na kuacha 60. Ukihesabu lita 5 kwa mbuzi mmoja, hao ni mbuzi 12, na mbuzi hao wangekunywa maji ya kisima hicho hicho hata hivyo. Hakuna tone lililopotea. Mashine "bora" inameza lita 27 na kuacha karibu 7 ambazo hujui uzimwage wapi. Juu ya hayo, chumvi ikikolea kiasi hicho chokaa inaganda kwenye utando, na utando mpya unatoka Nairobi, kwa basi, kwa pesa.

Mtambo mkubwa wa mji ni habari nyingine. Kiunga, kule Lamu, GivePower walifunga mtambo wa sola wa kusafisha maji ya bahari mwaka 2018. Kiunga wana bahari mlangoni. Sisi hatuna. Atakayekuja hapa na mtambo wa maelfu ya lita aonyeshe kwanza bwawa la kukaushia maji makali, lililotandikwa plastiki chini, la sivyo chumvi ile ile itazama tena ardhini.

Msidanganywe pia na tangi la mnara. Mita 10 za urefu ni presha ya baa 1 tu, na chumvi yetu yenyewe inasukuma kinyume kwa zaidi ya hapo. Mashine ya nyumbani inataka baa 3 au 4, kwa hiyo pampu ni lazima, na bomba lifunikwe, kwani tando nyingi hazitaki maji yanayopita nyuzi 45. Halafu ile kalamu haioni vijidudu wala haitaji floraidi kwa jina. Sampuli iende maabara kabla hela haijatoka.

Nilimweleza adeer yote haya kwa kijiti mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Adeer," akaniambia (kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile), "hesabu yako ni nzuri. Lakini mbuzi hawakusoma huo mwongozo."

Ni kweli. Tumekubaliana kwamba Jumamosi nitakoroga chumvi kidogo kwenye maji ya kisima mpaka kalamu isome 2,600, tuyaweke kwenye karai moja na ya kawaida kwenye karai nyingine, tuone mbuzi watakwenda wapi. Pesa zimefungwa kwenye kitambaa mpaka siku hiyo.