MTU BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona chama cha wafanyi kazi kinaandika habari za makaburi ya mabaharia, tena kwa wasomaji wa Kitui na Makueni, nchi ambayo hata mito yake hukauka. Mtauliza: sisi na bahari wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba bahari nayo imewachukua watu wetu. Tena, namna mabaharia walivyokumbukwa, na namna wengine walivyosahauliwa, inatufundisha jambo ambalo kila mfanyi kazi inampasa alijue. Jina la mtu haliingii katika jiwe kabla halijaingia katika daftari. Na pale ambapo jina halikuandikwa, si jiwe tu lililokosekana. Mshahara nao ulipotea.

Tuanze na meli iliyoitwa Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944, pamoja na nyingine, ikienda Colombo katika nchi ya Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Walikuwamo mabaharia wa meli yenyewe, askari wa Jeshi la Wanamaji, wauguzi wa kike, na wapiga mizinga karibu 1,000 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa walikaribia 1,300. Waliookoka walizidi 200 kidogo tu.

Wazee wetu wanajua kwamba katika vita vile vya 1939 hadi 1945 Ukambani ulitoa vijana wengi sana wa jeshi. Kijana aliyezaliwa mbali na maji, asiyejua kuogelea, alipandishwa melini Mombasa na hakurudi tena. Mtu aliyezama hana kaburi. Mama yake hawezi kuonyeshwa mahali na kuambiwa, mwanao amelala hapa.

Lakini watu hao hawakupotea kabisa. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, pako pahali pa ukumbusho wa wanajeshi wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Wapiga mizinga waliozama na Khedive Ismail wanakumbukwa hapo, na majina yamechongwa, ya Waafrika na ya Wazungu. Yaliwezaje kuchongwa? Kwa sababu kila askari alikuwa na nambari yake na jina lake katika kitabu cha jeshi. Fundi wa mawe hakubuni kitu. Alipewa orodha, akaifuata.

Mabaharia wa meli za biashara nao ni hivyo hivyo. Huko London, mahali paitwapo Tower Hill, yapo majina ya mabaharia wa meli za biashara na za uvuvi waliokufa vitani na ambao hawana kaburi ila bahari. Wa vita vya 1939 hadi 1945 peke yao ni karibu 24,000. Wengi wa hao hawakuwa wakubwa wa vita wenye nishani kifuani. Walikuwa watia makaa, wapishi, mafundi wa mitambo na watu wa sitaha, yaani wafanyi kazi kama sisi. Mabaharia wa Kihindi, waliotumika katika meli nyingi za Uingereza, majina yao yamewekwa katika vitabu vya ukumbusho Mumbai na Chittagong.

Wala msidhani kwamba kwa kuwa walikuwa vitani watu hao walitendewa haki siku zote. Hadi mwaka 1941 baharia wa meli ya biashara ya Uingereza aliyezamishiwa meli yake mshahara wake ulikatwa tangu siku ile meli ilipozama. Anaelea juu ya ubao katikati ya bahari, na saa ya tajiri imekwisha simama. Tunalitaja jambo hili ili wanachama waone kwamba heshima ya jiwe na haki ya mshahara ni ndugu wawili. Mwenye kutaka moja aiangalie na ya pili.

Sasa tuje karibu na kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilitokea alfajiri mbele ya bandari ya Unguja. Iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mabaharia zaidi ya 30 wa Pegasus walikufa. Wengi wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja, na makaburi yao yangali yanaonekana. Königsberg yenyewe ilijificha katika midomo ya mto Rufiji, ikamalizwa huko Julai 1915. Mizinga ya manowari zote mbili ilitolewa majini ikapelekwa kupigana nchi kavu. Ninyi mlio Mombasa mnaweza kwenda Fort Jesus mkaiona, mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg.

Basi baharia ana kaburi lake. Hata mzinga una mahali pake, nao unatunzwa. Lakini mzinga hauna miguu. Ni nani walioivuta mizinga ya vita vile? Ni nani waliobeba risasi, unga, hema na wagonjwa, kutoka Voi hadi Taveta, na kutoka Taveta hadi mipaka ya Msumbiji? Ni wapagazi, watu wa Kariakoo, na wengi wao walitoka katika nchi yetu. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu, na malipo yao yalikuwa rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ulifanywa msako mkubwa chini ya Bwana John Ainsworth. Kitui na Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni, zilitoa watu kwa maelfu. Hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga usioiva vizuri. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000.

Watu hao majina yao yako wapi? Nairobi, katika barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta, ziko sanamu tatu za shaba, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Sanamu ni nzuri. Lakini sanamu moja haiwezi kuwa watu 40,000, na sanamu haina jina. Tena fedha nyingi za wapagazi waliokufa hazikulipwa, maana ilisemekana warithi hawajulikani. Bwana Oscar Watkins, aliyekuwa mkubwa wa kikosi cha wapagazi, aliidai serikali yake mwenyewe kwa miaka mingi iwalipe jamaa za wafu, naye hakusikizwa.

Halmashauri ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, na mkubwa na mdogo wapewe jiwe la namna moja. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Maafisa wa siku zile waliandika kwamba wenyeji hawajali makaburi, basi hapana haja ya kupoteza fedha. Mwezi wa Aprili 2021 Halmashauri hiyo ilitoa taarifa yake yenyewe ikakiri kosa na kuomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Tunajua liko neno moja ambalo wanachama wengine watalisema. Watasema, jiwe halilishi mtoto. Afadhali chama kidai nyongeza ya mshahara kuliko kudai majina ya watu waliokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Neno hilo lina maana, nasi hatulidharau. Jiwe halilishi mtoto, ni kweli. Lakini daftari humlisha. Mjane wa baharia aliyeandikwa aliweza kupata malipo, kwa sababu jina la mumewe na jina lake yeye yalikuwa katika kitabu kimoja. Mjane wa mpagazi wa Kitui hakupata jiwe wala rupia. Mambo yale mawili yalipotea kwa pamoja, siku moja, kwa sababu moja.

Na je, ndugu zetu, mambo hayo yamekwisha? Tazameni mito yetu wakati wa kiangazi. Kijana anapakia mchanga katika lori tangu asubuhi hadi jua kuzama. Hulipwa kwa lori, mkononi, na anayemlipa humjua kwa jina la utani tu. Ukingo wa mchanga ukimwangukia, nani atasema alikuwa kazini kwa nani? Tazameni kibarua wa ujenzi anayeitwa leo na kufukuzwa kesho. Tazameni mwenzetu aliyepata kazi kwa kitambulisho cha ndugu yake. Akifa, sheria itasema aliyekufa ni yule ndugu ambaye yu hai.

Sheria ziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mtu aliyeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi awe na mkataba wa maandishi wenye jina lake, na kazi ya kuuandika ni ya mwajiri. Sheria ya fidia ya ajali kazini, nayo ya mwaka 2007, inawapa haki wale waliomtegemea mfanyi kazi aliyekufa kwa ajali ya kazini. Mabaharia wametangulia mbele zaidi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliukubali mwaka 2014, unataka kila baharia awe na mapatano yenye jina lake kamili na mahali alipozaliwa. Tena, tangu Desemba 2024, mkataba huo unataka kila kifo cha baharia melini kiandikwe, na kila mwaka taarifa ipelekwe kwa Shirika la Kazi la Kimataifa. Watu wa baharini wamejifunza kwa uchungu kwamba maji hayaachi alama, basi wameshika kalamu. Sisi wa nchi kavu tunangoja nini?

Kwa hiyo twasema mambo matatu.

Kwanza, tunaziomba serikali za kaunti za Kitui na Makueni zitafute katika orodha za Halmashauri ya makaburi ya vita majina ya watu wa Ukambani, wa Khedive Ismail na wengineo, na kuyabandika Kitui mjini na Wote mahali ambapo watu wote wataweza kuyasoma. Orodha hizo ziko wazi kwa mtu yeyote. Haifai mzee atoke Mutomo au Kibwezi kwenda Nairobi ili asome jina la baba yake.

Pili, kila mwanachama ambaye babu au baba wa babu yake alichukuliwa Kariakoo asiporudi, aliandike jina lake, ukoo wake na kijiji chake, alilete kwa katibu wa tawi. Halmashauri imesema inaendelea kuyatafuta majina. Basi tuwapelekee. Wajukuu waliosikia habari hizi kwa midomo ya wazee wanazidi kupungua, na hakuna ofisi itakayozijua kama sisi tutanyamaza.

Tatu, na hili ndilo la leo. Kila mwanachama aangalie jina lake katika kitabu cha chama na katika kitabu cha mwajiri. Liwe jina kamili lililo katika kitambulisho chake mwenyewe, na jina la baba, na kijiji, na jina la mrithi. Aliyeoa baada ya kujiandikisha alete jina la mkewe, na mwanamke mfanyi kazi alete majina ya watoto wake. Mkimwona kibarua asiyeandikwa mahali popote, msimpite. Mwambieni haki yake, mleteni ofisini.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliisema juu ya mali, lakini mtu ni zaidi ya mali. Makatibu wa matawi wataanza kukagua vitabu mwezi huu, nao wameagizwa wasimrudishe mtu yeyote kwa sababu ya ada iliyochelewa. Ada italipwa baadaye. Jina liandikwe sasa.