Kabla Kisu Hakijagusa Ngozi

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ya Tanzania ukiwa mmojawapo. Vyumba vya upasuaji vilianza kutumia orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wengi waliisifu karatasi. Mimi naamini siri imo katika kipengele kimoja kinachodharaulika, kile kinachomtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Muuguzi aliyekwisha kusikika mara moja hapati shida kusema tena anapoona hesabu ya vitambaa vya upasuaji haitimii.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito: utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganishia. Tena mwaka 2014, takwimu za hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilionyesha kuwa orodha hiyohiyo haikupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa. Ila kuamriwa kutumia orodha si sawa na kufundishwa kuzungumza. Katika hospitali za maveterani wa Marekani, madaktari na wauguzi walifundishwa pamoja namna ya kuulizana, kuonyana na kukaa kikao kifupi kabla na baada ya kazi. Matokeo ya 2010 yalionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 18 katika hospitali 74 zilizopata mafunzo, na asilimia 7 katika 34 ambazo wakati huo zilikuwa bado hazijayapata. Hospitali hazikugawanywa kwa kura, kwa hiyo ushahidi huu nao una mipaka. Hata hivyo unaelekea upande uleule.

Utafiti wa msomi Amy Edmondson wa 1996 kuhusu timu za wodi ndio unaopaswa kuwasumbua wakuu wa hospitali. Alitarajia timu zinazoelewana ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta zimeandikisha mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyataja. Daftari safi, basi, huenda likawa la wodi ambayo watu wamefunga vinywa.

Nitaambiwa kwamba kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa. Lakini anayemwambia daktari “bado kitambaa kimoja” anamsitiri yeye pamoja na mgonjwa. Sioni heshima inayozidi hiyo. Nitaambiwa pia kwamba watumishi ni haba, na ni kweli, lakini kusoma orodha huchukua dakika chache tu.

Ndiyo maana makala za toleo hili zinahusu mafunzo. Vyuo viwaweke wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi darasa moja tangu mapema, na katika mtihani wa vitendo mtahini atazame pia jinsi daktari mtarajiwa anavyomjibu muuguzi aliyemwambia asubiri.