Wenye Mamilioni Wanagombana, Sisi wa Insentivu Tujifunze Nini?

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa kimya kimya, leo kuna sehemu yenu pia.

Vijana wa kikapu wakikutana hapa Nakivale, mabishano hayana mwisho. Yanaanza na nani mkali zaidi chini ya kikapu, Hakeem au Shaq, Jokić au Embiid. Halafu mtu anataja ule mwaka NBA ilifungwa, na hapo ndo kelele zinaanza. Utasikia mmoja anasema: "Bale batu beko na mamilioni, banalilia nini tena?" Watu wanacheka, stori inaishia hapo.

Mimi naona hicho kicheko kinatunyima somo. Ugomvi wa kazi wa wale wachezaji unatuhusu sisi tunaofanya kazi kwa insentivu kuliko hata matokeo ya mechi. Na mtu anayependa mchezo wa posti, yani ule wa kuupa kikapu mgongo na kupigania nafasi, anaweza kuuelewa haraka kuliko wengine.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Lokauti si mgomo. Kwenye mgomo mfanyakazi ndiye anaweka kazi chini. Kwenye lokauti mwenye kazi ndiye anafunga geti, anasema: hamtaingia mpaka mkubali masharti yangu. Tarehe 1 Julai 2011 wamiliki wa timu za NBA walifunga geti. Mchezaji hakuruhusiwa kufanya mazoezi kwenye jimu ya timu yake, wala kuongea na kocha wake. Kwa hiyo wale wanaosema "wachezaji waligoma 2011" wanawabebesha lawama ambayo si yao.

Waligombania nini? Mgawanyo. Mkataba wa zamani uliwapa wachezaji asilimia 57 ya mapato yanayotokana na mpira. Wamiliki wakasema tunapata hasara, hiyo namba lazima ishuke. Walitaka pia ukomo wa mishahara ambao timu haiwezi kuuvuka kabisa. Mazungumzo yakavutana mpaka mwisho wa Novemba. Msimu ukaanza siku ya Noeli, mechi 66 badala ya 82. Wachezaji wakatoka na karibu nusu, kati ya asilimia 49 na 51. Ule ukomo mkali wamiliki hawakuupata.

Mtu atasema: basi walishindwa. Kwa upande wa asilimia, ndiyo, walirudi nyuma. Lakini angalieni kitu kimoja: walirudi nyuma wakiwa pamoja, na kwa hatua walizozijua. Hakuna mchezaji aliyeitwa peke yake ofisini akaambiwa "saini hapa, mwenzako ameshasaini". Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna mtu wetu aliyeonja ile lokauti. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndo lugha ya mtaani. Alitoka Congo akiwa kijana, akapitia Yemen, kisha Hispania. Juni 2011 akachaguliwa wa 7 kwenye drafti. Wiki moja tu baadaye geti likafungwa. Fikiria: umevuka nchi zote hizo, jina lako limesomwa mbele ya dunia, halafu hakuna mkataba wa kusaini mpaka Desemba. Sisi tunaosubiri majina ubaoni, tunaosubiri interviu ya rizetomenti, hiyo hali hatuhitaji kutafsiriwa. Na baadaye Biyombo huyo huyo alikaa kwenye uongozi wa chama cha wachezaji. Naona hiyo ni akili ya mtu aliyekumbuka geti lilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye posti, maana huko ndo moyo wangu uko.

Siku hizi kila mtoto uwanjani anataka kurusha kutoka mbali kama Stephen Curry. Sina neno, pointi tatu ni tatu. Lakini posti ni chuo cha kitu kingine. Mpira haujafika, wewe tayari uko kazini. Unashuka chini, unapanua miguu, unamweka beki mgongoni, unamwonyesha mwenzako mkono pa kukupasia. Ukipata mpira hukimbii. Unasikiliza beki amelalia bega lipi. Akilalia kulia, unazungushia mguu kushoto. Akikufuata, unamdanganya kwa mabega, anaruka, unapita chini ya mkono wake. Wakija wawili, unajua kuna mwenzako amebaki huru, unampa. Asiyejua kikapu ataona watu wanasukumana tu.

Fundi mkuu wa hiyo kazi ni Hakeem Olajuwon. Alizaliwa Lagos, akacheza handiboli na kudaka golini kwenye soka, na kikapu alikianza akiwa na kama miaka 15. Ile miguu myepesi ya golikipa ndiyo iliyozaa Dream Shake, ile danganya toto yake iliyomtesa hata David Robinson mwaka 1995, mwaka ambao Robinson ndiye alikuwa mchezaji bora wa ligi. Houston wakachukua ubingwa 1994 na 1995.

Na hapa lokauti na posti zinakutana. Juni 2011 LeBron James alifungwa fainali na Dallas. Watu walisema hana mchezo wa chini ya kikapu, na walisema kweli. Kiangazi kile, jimu za timu zimefungwa, makocha wa timu hawaruhusiwi, yeye akaenda Houston kwa Hakeem, mzee aliyekwisha staafu, akajifunze posti kama mwanafunzi. Mwaka uliofuata akachukua ubingwa wake wa kwanza na kuwa mchezaji bora wa fainali. Geti lilifungwa, yeye akautumia muda ule kujifunza kusimama mahali pagumu.

Tena watu wa posti ndio mara nyingi walisimama mbele wakati wa ugomvi wa kazi. Januari 14, 1964, mjini Boston, mechi ya nyota wote ilikuwa ionyeshwe kwenye televisheni Marekani nzima. Wachezaji wakakaa chumba cha kuvalia wakasema hatutoki mpaka tuahidiwe pensheni. Ndani ya chumba kile walikuwa Bill Russell na Wilt Chamberlain, watu ambao uwanjani walikuwa wanakabana kila mwaka. Siku hiyo walikaa upande mmoja. Ahadi ikatolewa, mechi ikachelewa kidogo, ikachezwa. Na kwenye lokauti ya 1998, iliyoendelea mpaka Januari 1999 na kuacha msimu wa mechi 50 tu, rais wa chama cha wachezaji alikuwa Patrick Ewing, senta wa New York, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, aliyefika Marekani akiwa mtoto mhamiaji.

Kitu cha mwisho cha historia, kisha nirudi nyumbani. Watu wa posti walipozidi nguvu, sheria zilibadilishwa. Mwaka 1951 eneo la rangi chini ya kikapu lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi 12 kwa sababu ya George Mikan. Mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi futi 16 kwa sababu ya Chamberlain. Waliambiwa wasogee mbali. Walifanya nini? Walijifunza kucheza kutoka pale walipowekwa. Sheria ikibadilika hujaambiwa uache mchezo, umeambiwa utafute mguu mwingine.

Haya, sasa tuongee kuhusu sisi.

Hapa makazini vijana wengi wanafanya kazi za mashirika: ukalimani, afya ya jamii, kusaidia walimu, kupanga watu siku ya mgao. Hatulipwi mshahara, tunalipwa insentivu. Kazi inaweza kuwa ya siku nzima, jina lake likabaki "kujitolea". Mwaka jana wakalimani sita ninaowafahamu, sehemu moja ambayo siitaji, waliitwa ofisini mmoja mmoja. Kila mmoja akapewa karatasi mpya: siku za kazi zimepunguzwa, pesa imepunguzwa zaidi ya siku. Kila mmoja akaambiwa wenzake wamekubali. Wa kwanza kuambiwa hivo alikuwa bado hana mwenzake yeyote aliyeingia! Wote sita wakasaini. Jioni walipokutana kwenye chai ndo wakagundua.

Siwalaumu. Mama ana watoto, mgao umepungua, utakataa vipi ukiwa peke yako kwenye kiti? Hapo ndo mahali ambapo beki amekusukuma nje ya nafasi yako kabla mpira haujafika. Ukipokea mpira umeshasukumwa mpaka mstari wa pembeni, hata ukiwa Hakeem utafanya nini?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mchezaji wa NBA hana wa kumbadilisha, mimi nikikataa kuna vijana mia wanasubiri." Ni kweli, na ni kubwa. Ndo maana sisemi tuige kila kitu. Lakini mkalimani anayejua Kiswahili, Kinyabwisha, Kifuliru na Kiingereza, anayejua mama gani anaogopa kusema mbele ya mumewe, si rahisi kupatikana kesho asubuhi. Thamani yetu ni ndogo kuliko ya LeBron, lakini si sifuri.

La pili: "Wakubwa wakigombana wanaumia wadogo." Hili pia ni kweli. Lokauti ya 2011 iliwagusa wauza vyakula viwanjani, walinzi, wafagiaji, watu ambao hawakukaa kwenye meza yoyote. Kwetu, msaidizi wa mwalimu akiacha darasa, anayeumia ni mtoto wa jirani yake. Kwa hiyo mimi sipendekezi mgomo. Napendekeza kitu kinachokuja kabla ya mgomo na mara nyingi kinauzuia: kuongea kwa pamoja.

La tatu: "Mkimbizi hana haki ya mambo hayo." Hapana, hapo tusidanganyane. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 15, unataja haki ya mkimbizi kujiunga na vyama visivyo vya siasa na vyama vya wafanyakazi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inaitaja. Wenzetu mlio nchi nyingine jirani, someni sheria ya nchi mliyopo kabla ya kufanya lolote, maana hazifanani. Lakini kukaa wafanyakazi sita na kuandika barua moja ya heshima, hiyo si fujo wala siasa.

Basi tufanye nini? Mambo manne, yote ya kazi ya miguu.

Moja, usisaini siku hiyo hiyo. Omba karatasi uende nayo nyumbani, uisome na mtu. Ofisi nzuri haitakukatalia siku moja.

Mbili, watu wa kazi moja mjuane kabla ya tatizo. Chagueni mmoja au wawili wa kuwasemea, mwanamke na mwanaume, na mkubaliane kwamba mtu akiitwa peke yake atajibu: "Nitaongea na wenzangu kwanza."

Tatu, andikeni. Saa mlizofanya, tarehe, kazi gani. Wachezaji walibishana kwa namba. Ukienda na machozi utapewa pole, ukienda na daftari utapewa jibu.

Nne, likelemba. Ba mama zetu wanaijua zamani. Chama cha wachezaji kiliwahimiza watu wake waweke akiba kabla ya 2011, kwa sababu mwenye njaa husaini chochote. Elfu chache kila mwezi, sita mkiwa pamoja, zinaweza kumshika mmoja wenu wiki mbili akiwa amesimama kwenye msimamo.

Kwenu ndugu wa mashirika: tunajua bajeti zimekatwa, na tunajua wengine wenu pia mikataba yenu imeisha ghafla. Hatusemi mtoe msichokuwa nacho. Tunasema hivi: kama pesa imepungua, tuiteni wote chumba kimoja, mtuonyeshe namba, mtuulize tupunguze wapi. Labda tutachagua siku chache kwa malipo yale yale. Labda tutachagua watu wapokezane. Tutakasirika kidogo, lakini kesho tutakuja kazini tukiwa tunawaamini. Kumwita mtu mmoja mmoja kunaokoa saa moja leo na kupoteza imani ya miaka.

Na vijana wa kikapu, mkibishana tena kuhusu Hakeem na Shaq, endeleeni, mimi niko upande wa Hakeem na sitoki. Ila yule atakayesema "wana mamilioni, wanalilia nini", mwulizeni: wewe kwenye kazi yako, asilimia yako ni ngapi, na nani aliipanga ukiwa wapi?