Nirudishieni Faini Yangu

Kila mtu ninayemjua hapa Nairobi ana orodha. Iko kwa simu, iko kwa akaunti ambayo shemeji ndiye analipia, au iko kwa kichwa tu. Ni orodha ya filamu za "nitaona baadaye." Kuna msee ameweka Nairobi Half Life humo tangu akiwa kidato cha tatu, na sasa ana mtoto anayeenda shule. Ukimuuliza mbona hajaiona, atakujibu, "Si iko tu?"

Hayo maneno, "iko tu," ndiyo nina vita nayo. Kitu ambacho kiko tu siku zote, hakuna anayekitazama. Na kampuni tunazolipa kila mwezi hazipotezi hata ndururu tukikosa kukitazama.

Kabla ya bando kushuka bei, mtaani kulikuwa na duka la kukodisha muvi. Kwanza zilikuja kanda za VHS. Halafu VCD, ambayo diski moja ilibeba kama dakika 80 pekee, kwa hivyo ulipewa mbili, na utamu ulikatizwa katikati mtu ainuke kubadilisha. Halafu DVD. Jina lako liliandikwa kwa daftari kubwa, kando yake nambari ya simu na siku ya kurudisha. Ukichelewa, faini: ishirini bob, thelathini bob, kulingana na vile mwenye duka ameamka. Ukizidi kuchelewa, hupati nyingine, na mamako ataambiwa akipita kununua sukuma.

Faini hiyo ilikera kila mtu. Lakini ndiyo iliipa filamu siku yake. Diski ikiingia nyumbani Ijumaa na inatakiwa Jumapili, basi Jumamosi usiku mnakaa chini, mpende msipende. Hata kama ni ya Kifaransa na maneno yanapita chini ya kioo. Hata kama ulibebeshwa hiyo kwa sababu ile uliyotaka ilikuwa kwa jirani. Filamu nyingi ngumu ninazozipenda leo niliziona hivyo, nikikimbizana na Jumapili.

Sasa tazama ni nani aliifanya faini kuwa adui. Netflix ilianzishwa 1997, na 1998 ikaanza kutuma DVD kwa posta kule Marekani. Reed Hastings amesimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kutozwa dola 40 kwa kuchelewa kurudisha Apollo 13. Mwenzake waliyeanzisha naye, Marc Randolph, ameshasema mambo hayakuwa hivyo hasa. Iwe kweli au chumvi, hadithi hiyo iliuza. Baada ya muda mfupi wakawa wanatoza ada ya mwezi: kaa na diski vile unavyotaka, hakuna siku ya kurudisha, hakuna faini. Dunia ikapiga makofi.

Nini kinatokea ukiondoa siku ya kurudisha? Mwaka wa 2009, watafiti Katherine Milkman, Todd Rogers na Max Bazerman walichapisha utafiti kuhusu wateja wa huduma moja ya Australia iliyokodisha DVD kupitia mtandao. Waligundua kwamba watu walikaa na filamu nzito, zile unajua zingekufaa, muda mrefu kuliko zile za kujifurahisha. Ya kurushiana risasi ilirudi haraka. Ile ya maana ilibaki ndani ya bahasha, ikipigwa na vumbi.

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Sililii plastiki. Wale watu walikuwa na diski sebuleni, hatua mbili kutoka kwa TV, na bado hawakuiona. Walichokosa ni tarehe, na mtu wa kuwauliza.

Halafu fuata pesa. Mwenye duka mtaani alikula tu diski ikizunguka. Ikilala kwako wiki mbili, hiyo ilikuwa hasara yake, kwa hivyo alikufuata mpaka mlangoni. Wa ada ya mwezi hana shida hiyo. Uone filamu thelathini au usione hata moja, amekukata pesa ile ile. Anachohitaji ni usikatize malipo, na kwa hilo anatosha kukupa kitu chepesi cha kukufuata ukikaanga mayai. Ile filamu yako ya "baadaye" haimhusu.

Najua kuna wale watasema duka la muvi ni wizi mtupu. Nyingi zilikuwa hivyo, na bado ziko hivyo: nakala zisizo na ruhusa, muvi nane kwa diski moja, siku hizi zinatiwa kwa flashi. Sitetei wizi. Mtu aliyeuza nyumba kutengeneza filamu anastahili kulipwa. Lakini duka hilo lilithibitisha jambo ambalo wakubwa wa sinema wanakataa kuamini: kijana wa Umoja au Kangemi yuko tayari kutoa hamsini bob, mara kwa mara, kwa muvi aliyoletewa karibu na kwake. Soko liko. Lenye halipo ni mlango halali.

Na bando si mlango huo. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha safi inaweza kula gigabaiti 3. Filamu ya saa mbili inafika 6, wakati DVD ya kawaida yenye tabaka moja ni 4.7. Hesabu hiyo nani ataifanya mwisho wa mwezi? Septemba 2021 walitupa Kenya mpango wa bure kwa simu za Android. Novemba 2023 wakauondoa. Miezi hiyo hiyo, tarehe 29 Septemba 2023, walituma diski yao ya mwisho kule Marekani. Wanaopenda kusema "iko tu" wangejiuliza: iko kwa nani, na mpaka lini?

Hapa ndipo inaniuma. Kolormask ya Sao Gamba ni ya 1986. Saikati ya Anne Mungai ni ya 1992. From a Whisper ya Wanuri Kahiu, inayogusa bomu la 1998, ni ya 2008. Nimezitafuta zote tatu kwa kila huduma ninayolipia, na sikupata hata moja. Tunaahirisha filamu za wengine tukidhani zitangoja. Zetu hazingoji. Anayetaka kujua vile baba na mama zake walivyojiona kwa kioo anaambiwa asubiri tamasha, au amjue mtu anayejua mtu.

Na msiniambie vijana hawana hamu. Septemba 2018, Mahakama Kuu iliruhusu Rafiki, filamu nyingine ya Wanuri Kahiu iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku 7 tu. Tiketi ziliisha, watu wakapanga foleni mchana wa siku ya kazi. Hakuna aliyesema ataiona baadaye, kwa sababu baadaye haikuwepo.

Basi ninachodai ni hiki. Maktaba zetu, kuanzia McMillan katikati ya jiji hadi zile za kaunti, huazima vitabu kwa muhuri wa tarehe, na hakuna anayeona ajabu. Ziwe na rafu ya filamu za Kenya, kwa diski au kwa flashi, kwa mkataba unaomlipa mwenye kazi kila inapotoka. Watengenezaji filamu nao washuke kutoka kwa tamasha za ng'ambo waongee na yule msee wa duka mtaani: hamsini bob, siku mbili, zigawanywe. Wanaotoa leseni wakome kumkimbiza bila kumpa kitu halali cha kukodisha.

Na kwenye huo mkataba, tafadhali, waandike siku ya kurudisha na faini ya ishirini bob. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye daftari. Nipeni Saikati Ijumaa, na Jumapili jioni mje mnidai.