Nyumba Yetu: Kabla ya kufungua saruji, pima udongo

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja jirani. Mvua ya usiku ilimwangushia ukuta, upande ule ule wanakolala watoto. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Sasa amejinyima mpaka amepata mfuko mmoja wa saruji, anauliza auchanganye vipi na udongo ili tofali zisiyeyuke tena.

Mama, mfuko usiufungue kwanza. Saruji inapenda mchanga. Udongo wa mfinyanzi, ule unaonata vidoleni, unavimba ukilowa na unajivuta ukikauka, na saruji kidogo haiuwezi. Hapo ndipo pesa za wengi zinapotea. Tofali likibadilika rangi tu, mtu anafikiri limekuwa jiwe! Udongo mweusi wa juu ndio mbaya kabisa, kwa sababu una mboji, na mboji inazuia saruji kushika. Uondoe wote, uchimbe wa chini. Huo mweusi peleka kwenye mboga.

Sasa tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko: ndani urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta, ujaze udongo uliolowa, ushindilie vizuri mpaka kwenye pembe. Weka kivulini siku 7. Ukikauka, sukuma udongo wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya sentimita 1.5, changanya ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo. Likifika 3, ndoo 1 kwa 16. Likifika 4.5, ndoo 1 kwa 14, na likifika 6, ndoo 1 kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime tena. Mfinyanzi mtupu unasikilizana zaidi na chokaa kuliko saruji.

Ndugu mliotoka Goma mnaujua ule mchanga mweusi wa Nyiragongo. Jivu na mawe ya volkano yakisagwa laini kama unga yanashikana na chokaa inayotoka ndani ya saruji, na kazi inakuwa imara. Warumi walijenga hivyo kwa jivu la volkano na chokaa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Saruji nyingi ya kwetu huku imeshatiwa unga huo kiwandani. Soma mfuko: ukiona CEM IV, ndiyo hiyo. Ni nzuri, ila inakomaa polepole, kwa hiyo inataka maji siku nyingi zaidi.

Chekecha udongo, changanya na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, halafu nyunyiza maji kidogo kidogo. Finyanga donge, liangushe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Likibaki donge, maji yamezidi, likiwa vumbi, hayatoshi. Changanya kidogo kidogo tu, kinachotosha kumalizika ndani ya nusu saa. Tofali hizi zinataka kugandamizwa kwa nguvu. Mashine ya mkono ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950, haihitaji umeme wala kuni. Kama kikundi chenu kinayo, azimeni kwa zamu.

Halafu maji, jamani! Watu wanaanika tofali juani siku ile ile. Hapana. Zifunike kwa turubai au majani ya migomba, uzimwagilie asubuhi na jioni siku 7 au zaidi, ujenge baada ya siku 28. Shimo la udongo lifukieni, lisije likawa dimbwi la mbu au mtego wa watoto.

Mfuko mmoja, mama, hautoshi nyumba nzima. Tofali zako zipange kozi tatu nne za chini, pale matone ya mvua yanaporukia ukuta. Juu endelea na tofali za kawaida, na paa ulitokeze nje kadiri miti itakavyoruhusu.