Motoka ya Sifa Haijui Theluji: Tairi Kwanza, Picha Baadaye

Leo naacha bei ya unga na matope ya barabara zetu. Nataka tuongee juu ya jambo linalotokea mbali sana lakini linafika mpaka kwenye sufuria zetu. Watoto wetu walioko Amerika, Kanada na Ulaya wananunua motoka za mbio, wanaingia nazo katika majira ya baridi zikiwa na tairi za kiangazi, na sisi huku tunawapigia makofi. Mimi napinga jambo hilo, na napinga makofi yetu pia.

Tunajua namna inavyoanza. Familia nyingi za Fizi, Uvira na Kalehe zina mtoto aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda au Kakuma kule Kenya, kisha akapata bahati ya kupelekwa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, Portland katika Maine, au Des Moines katika Iowa. Anaanza kazi, mara nyingi ya usiku. Mwaka wa pili au wa tatu anachukua mkopo, ananunua Mustang au Camaro. Anapiga picha akiegemea mlango, anaituma kwenye WhatsApp. Picha hiyo inatembea kuliko habari zetu za saa moja. Mama anaonyesha majirani, wajomba wanasema kijana amefika. Hakuna hata mmoja anayeuliza: mwanangu, theluji ikianguka utaendesha nini?

Mwaka mzuri kijana huyo anaponea chupuchupu tu. Mwaka mbaya motoka inagonga nguzo, kazi inapotea kwa sababu hana namna ya kufika kiwandani, mkopo unaendelea kudai, na pesa iliyokuwa inalipia watoto minerval inakatika. Mwaka mbaya zaidi tunaitwa kwenye matanga ya mtu ambaye maiti yake hatutaiona. Basi tusiseme hayo ni mambo ya wazungu.

Tuanze na tairi, zile tunazoita pneu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Tairi la motoka ya mbio limetengenezwa kwa barabara yenye joto. Ni pana, meno yake ni mafupi, na mpira wake hushika lami vizuri wakati wa kiangazi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ambazo kule Marekani wanazihesabu kama 45 kwa Fahrenheit, mpira huo unaanza kuwa mgumu. Haungoji theluji. Barabara inaweza kuwa kavu kabisa, na bado tairi halishiki kama jana. Baridi ikizidi sana, watengenezaji wenyewe wa tairi za mbio wanaonya kwamba mpira unaweza kupasuka. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini, na meno yake yamekatwakatwa mistari midogo mingi inayouma theluji.

Halafu kuna moteri. Mustang na Camaro husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nguvu yao ni kubwa. Juu ya barafu, ukigusa gesi kidogo tu, nyuma inateleza na motoka inageuka kutazama ilikotoka. Tumbo lake liko karibu na ardhi, theluji ikirundikana inakwama kama mtumbwi kwenye mchanga. Hata upana wa tairi, ule unaopendeza kwenye picha, unaifanya ielee juu ya theluji badala ya kuikata.

Shofere wetu yeyote anayeteremka Ngomo wakati wa mvua anaelewa maneno haya bila kusoma shule. Mvua ikinyesha haulizi Fuso ina rangi gani. Anapiga magoti, anaangalia meno ya tairi, ndipo anaamua kushuka au kulala. Huo ndio uerevu wa kwetu. Kwa nini mtoto akivuka bahari tunamruhusu ausahau?

Wapo watakaonipinga, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza atasema: basi anunue 4x4, mambo yamekwisha. Hapana. Magurudumu manne yanayosukuma yanakusaidia kuondoka mahali ulipo na kupanda kilima. Kusimama ni kazi ya freni, na kila motoka ina freni kwenye magurudumu yote manne. Kinachoshika barabara wakati wa kusimama na wakati wa kukata kona ni tairi. 4x4 yenye tairi za kiangazi inaondoka upesi kwenda kugonga. Kumbuka pia kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa freni unakuwa kama mara nne, na juu ya barafu umbali huo unarefuka zaidi tena.

Wa pili atasema: tairi zangu zimeandikwa M+S, ni za majira yote. Herufi hizo maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anaweza kuziandika kwa kutazama umbo la meno peke yake. Alama ya kutafuta ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Hiyo inatolewa kwa tairi iliyojaribiwa juu ya theluji. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu, alama hiyo tu ndiyo inakubalika. Quebec inadai tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, na faini yake inaanzia dola 200 za Kanada. Sweden inazidai kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi, barabara ikiwa katika hali ya baridi.

Wa tatu, aliye Michigan, Iowa au Maine, atacheka: hapa hakuna sheria ya kunilazimisha. Ni kweli, haipo. Lakini ndugu yangu, ni lini sheria peke yake ilitulinda sisi? Tumekimbia vijiji vyetu tukiwa na sheria nyingi ndani ya vitabu. Barafu haisomi sheria za jimbo lolote.

Basi afanye nini kijana aliyekwisha kununua motoka yake ya mbio? Njia ziko mbili, na zote ni za heshima.

Njia ya kwanza ni kuilaza motoka hiyo ndani ya garaji wakati wa baridi, na kununua ndogo iliyotumika. Corolla au Civic ya kawaida, inayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye tairi nne nzuri za baridi, itamfikisha kazini siku nyingi ambazo Mustang itabaki inazungusha magurudumu palepale. Aikague kabla ya kulipa. Kule wanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma, kwa hiyo achungulie chini, si rangi ya juu tu. Ajaribu betri asubuhi yenye baridi. Awashe kipasha joto na kile kipulizia kinachosafisha kioo cha mbele, kwani motoka isiyosafisha kioo ni kipofu. Kuhusu ile iliyolala, kama bado ina mkopo asiguse bima yake kabla ya kuuliza benki iliyomkopesha.

Njia ya pili, kwa asiye na mahali pa kuweka motoka mbili, ni kuivalisha hiyo moja tairi za baridi. Hapo kuna masharti. Ziwe nne, kamwe zisiwe mbili. Ukiweka mbili za mbele peke yake, mbele inashika na nyuma inateleza, unazunguka. Ukiweka mbili za nyuma peke yake, usukani unaugeuza na motoka inaenda moja kwa moja. Anunue rimu ndogo kidogo, kwa mfano za inchi 17 au 18 badala ya 19 au 20, tairi jembamba lenye ubavu mrefu, mradi rimu isiguse freni. Fundi aipime kwanza. Kwa kawaida tairi za rimu ndogo zina bei nafuu, na ubavu mrefu unavumilia mashimo.

Akinunua tairi zilizotumika asome ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 3519, tairi lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani. Kule Ujerumani sheria inaruhusu meno yabaki milimita 1.6, lakini kwa theluji wataalamu wanashauri yasishuke chini ya milimita 4. Apime upepo pia kila mwezi, kwa sababu kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Fahrenheit, tairi linapoteza kama PSI moja.

Sasa nageukia kwetu, na hapa ndipo wengine watanikasirikia.

Tairi nne za baridi zinagharimu dola mia kadhaa. Kijana anazihitaji mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Ndio wakati huohuo sisi huku tunaanza kupiga simu: sikukuu zinakaribia, nyumba imebomoka, mjomba anaoa, tuma. Akisema mwezi huu nitapunguza kwa sababu nanunua tairi, tunasema ametusahau, Ulaya imemharibu kichwa. Nimesikia wazazi wakisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu. Mtoto akiogopa maneno hayo, anatuma pesa, anaacha tairi, anaomba Mungu. Halafu anapoteleza tunasema ni uchawi.

Najua ninaongea na nani. Mama anayelala chini ya bashi na watoto watano hana tamaa akiomba pesa, ana njaa. Simwambii akae kimya. Namwambia kwamba mkono unaomlisha uko nyuma ya usukani, usiku, juu ya barafu. Kulinda mkono huo ni kulinda sahani yake. Pesa ya tairi ni pesa ya familia, na inafaa tuihesabu hivyo, pamoja na chakula na minerval. Tena tairi nzuri hudumu majira kadhaa, na wakati zinafanya kazi zile za kiangazi zinapumzika, hazilikii. Walio Ontario wana faida nyingine: tangu tarehe 1 Januari 2016, makampuni ya bima kule yanatakiwa kumpunguzia bei mwenye tairi za baridi. Dai haki yako.

Na wewe kijana uliye kule, ukisoma maneno haya kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, usituletee hoja ya mama. Uliyeweza kulipa mkopo wa Mustang unaweza kulipa tairi. Kama huwezi yote mawili, motoka hiyo ni ya mtu mwingine. Irudishe, nunua Corolla. Tunakupenda ukiwa ndani ya Corolla kuliko ndani ya picha iliyowekewa mishumaa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila familia inayonisikiliza. Kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha, mpigieni mtoto wenu. Msianze na pesa. Mwulizeni: tairi zako zina alama ya mlima na ua la theluji? Ziko nne? Zina miaka mingapi? Akisema bado, mwambieni sikukuu itangoja, na mumaanishe. Akituma tena picha ya motoka inayong'aa, mjibuni hivi: tuma picha ya tairi.