Ingia kwanza, ndipo ufunge mlango
Wenzangu, kuna wanaosema herufi ya Kichina ikishafanana na ya kitabuni, basi, imetosha. Mimi nakataa. Nilichora ovyo miezi mitatu, nikasahau karibu zote.

Chukua 国, yaani nchi. Inaandikwa kwa mivuto 8 ya kalamu: ukuta wa kushoto, kisha paa linaloshuka kuwa ukuta wa kulia, halafu vya ndani, mwisho kabisa mstari wa chini. Watoto wa China hufundishwa: ingia kwanza, ndipo ufunge mlango.

Hapa kambini daftari likiisha tunaandika mchangani kwa kijiti. Upepo unafuta, ila mkono uliozoea mpangilio haupotei njia.

Ndugu zetu wa mashirika, msitutumie picha za herufi tu. Tuleteeni mtu atuonyeshe mkono unavyokwenda.